Michezo ya Kiingereza, Matabaka na Elimu katika Vitongoji vya Dar es Salaam

Mchezo wa kuigiza husema kwa vinywa viwili. Kinywa cha kwanza ni cha wachezaji walio jukwaani, wakitamka maneno waliyoandikiwa. Kinywa cha pili ni cha mahali penyewe: jumba lilikojengwa, lugha inayotumiwa humo, kiingilio kinachotozwa mlangoni, na watu wanaojiona kuwa na haki ya kuketi. Mwanahistoria akisikiliza kinywa cha kwanza peke yake atapata kisa, lakini hatapata habari ya watu.

Mchezo wa Kiingereza katika Dar es Salaam ni ushahidi mzuri wa jambo hili. Kwa miaka mingi mchezo huo uliwafunza wakazi wa mji habari za matabaka na elimu hata pale ambapo kisa chake hakikugusa mambo hayo kabisa. Nani aliruhusiwa kuutazama, nani aliweza kuuelewa, na nani alichekwa kwa kushindwa kuutamka: hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yake. Makala haya yaeleza jinsi mafunzo hayo yalivyoingia, jinsi yalivyopinduliwa na wafasiri na watunzi wa Kiswahili, na kwa nini mapinduzi hayo hayajatimia.

Miongoni mwa michezo ya Waingereza wenyewe, hakuna unaolifunua jambo hili wazi kuliko Pygmalion wa George Bernard Shaw, ulioigizwa kwanza Vienna mwaka 1913, kisha London mwaka 1914. Humo Profesa Higgins, mjuzi wa fonetiki, anajigamba kwamba kwa miezi michache ataweza kumfundisha Eliza, msichana auzaye maua barabarani, atamke kama mwanamke wa nasaba kuu, na watu wakubwa wasimtambue. Higgins anafaulu. Lakini Eliza akisha kupata lafudhi ya wakubwa hana pa kwenda. Kwa wauza maua amekwisha kuwa mgeni, na kwa wakubwa hana mali wala ukoo. Mchezo huo umerudiwa jukwaani mara nyingi, na mwaka 1956 ukageuzwa kuwa mchezo wa nyimbo mjini New York kwa jina la My Fair Lady. Kila unaporudiwa huuliza swali lile lile: je, elimu humpa mtu sauti yake mwenyewe, au humvika sauti ya mwingine?

Katika London ya Shaw umbali kati ya Eliza na wakubwa ulikuwa umbali wa lafudhi mbili za lugha moja. Katika Dar es Salaam ulikuwa umbali wa lugha mbili, na uliwekwa pia katika ramani ya mji.

Mji wa mafungu matatu

Tangu enzi ya Wajerumani, na zaidi baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916, Dar es Salaam iligawanywa kwa kanuni za ujenzi. Kanuni hizo zilitaja aina za nyumba, lakini matokeo yake yalikuwa mgawanyo wa watu, nao watu waliyapa mafungu hayo majina yaliyo wazi kuliko ya serikali: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa mtupu kati ya Uhindini na Kariakoo, mtaa ambao jina lake latokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Upande wa kaskazini, kando ya bahari, Oyster Bay ikawa kitongoji cha Wazungu, chenye bustani pana na upepo mwanana. Baada ya Vita Kuu ya Pili, watu walipozidi kumiminika kutoka bara na pwani, serikali ilijenga nyumba za Waafrika katika Ilala, Magomeni na Temeke. Nyumba hizo watu waliziita kota, na jina hilo limebaki hata leo katika majina ya mitaa.

Katika mji huo chama cha waigizaji, Dar es Salaam Players, kiliundwa mwaka 1947, na jumba lake likajulikana kwa jina la Little Theatre, huko Oyster Bay. Arusha nayo ilipata chama cha namna hiyo mwaka 1953. Nairobi ilifunguliwa jumba la taifa la michezo mwaka 1952, na Kampala mwaka 1959. Tanganyika haikupata jumba la taifa, bali majumba madogo ya vyama. Wachezaji wa Little Theatre walikuwa maafisa wa serikali, wafanyakazi wa mabenki na makampuni, na wake zao. Hawakuwa wachezaji kwa kazi. Walikuwa watu walio mbali na kwao, waliotaka jioni mbili tatu za kwao. Hapana sababu ya kuwalaumu kwa kupenda michezo yao. Lakini pia hapana budi kukumbuka kwamba mpishi na dereva waliowahudumia walirudi usiku Magomeni na Temeke wakijua kwamba mchezo ni jambo linalofanyika ndani ya jumba, kwa Kiingereza, kwa watu maalum. Somo hilo walilipata pasipo kuingia ndani.

Njia ya pili ya mchezo wa Kiingereza ilikuwa shule. Elimu nayo ilikwenda kwa mafungu matatu ya Wazungu, Wahindi na Waafrika, mpaka mafungu hayo yalipoondolewa kisheria mwanzoni mwa mwaka 1962. Katika shule za Waafrika mtoto alianza kwa Kiswahili, kisha akavushwa kwenye Kiingereza. Na wengi hawakufika kivuko hicho. Wachache waliofika Tabora, Minaki au Pugu walikutana na Shakespeare kama mtihani na kama mchezo wa shule, na katika miaka ya 1950 British Council ilisaidia kuendeleza mashindano ya michezo ya shule. Mwanafunzi aliyesimama jukwaani akatamka sawasawa beti za Kiingereza cha karne ya 16 alishangiliwa. Na shangwe hilo halikuwa la sanaa tu. Lilikuwa shangwe la mtu aliyevuka.

Mshamba na mstaarabu

Matunda ya kwanza ya mkutano huu hayakuwa michezo mikubwa, bali vichekesho. Vichekesho vilianza katika shule na sherehe za wakati wa ukoloni, vikaenea mijini, navyo havikuandikwa: wachezaji walikubaliana juu ya kisa, kisha wakajaza maneno papo hapo. Kisa chenyewe aghalabu kilikuwa kimoja. Mshamba amekuja mjini. Hajui kuvaa suti, hajui kutumia uma na kisu, analivunjavunja neno la Kiingereza mbele ya karani. Watazamaji huangua kicheko.

Ebrahim Hussein, katika tasnifu yake juu ya maendeleo ya michezo ya kuigiza Afrika Mashariki, aliyoitoa Berlin ya Mashariki mwaka 1975, alivitazama vichekesho kwa makini yanayostahili. Kicheko hicho chahitaji kupimwa. Waliocheka walikuwa wenyewe wametoka shamba juzi, na kila mmoja alikuwa na ndugu yake afananaye na yule mshamba. Kwa kumcheka walijithibitishia kwamba wao wamekwisha kuvuka. Kwa hiyo kichekesho kilifanya kazi ya Higgins pasipo subira ya Higgins: kilimhukumu Eliza kwa lafudhi yake, lakini hakikumfundisha.

Tena mizani ya lafudhi haikuwa ya Kiingereza peke yake. Kiswahili nacho kilikuwa kimewekewa kipimo. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Kazi hiyo ilirithiwa mwaka 1964 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Usanifu huo uliifaa nchi kwa vitabu, shule na magazeti. Lakini katika vitongoji, ambamo Mzaramo, Mndengereko, Mngoni, Mnyamwezi na Mhaya walipanga nyumba moja, ulizaa pia kicheko kipya. Atamkaye r mahali pa l, au adondoshaye h, akawa kichekesho. Wachekeshaji wa jukwaani na wa redio waliitumia hazina hiyo kwa ustadi mkubwa, na kwa kuwa watu wa kila kabila walichekwa kwa zamu, kicheko chake kilikuwa na udugu ndani yake. Hata hivyo msingi wake ni ule ule: matamshi humtaja mtu alikotoka kabla hajasema anakokwenda.

Nchi jirani ilitoa mfano wa njia nyingine. Katika shule ya Alliance, huko Kikuyu nchini Kenya, mchezo wa Shakespeare uliigizwa kila mwaka katika miaka ya 1950. Ni katika shule hiyo hiyo mwanafunzi Henry Kuria alipotunga mchezo wa Kiswahili, Nakupenda, Lakini..., uliochapishwa mwaka 1957. Kijana aliyelelewa na jukwaa la Kiingereza aliona kwamba akitaka kusema na jamaa wasiofika shule hiyo hana budi kubadili lugha. Hiyo ilikuwa dalili ya mambo yajayo.

Mfanyabiashara mmoja, mabepari wengi

Julius Nyerere aliacha ualimu wa Pugu mwaka 1955, akaishi Magomeni katika miaka ya kupigania uhuru, maili chache tu kutoka Oyster Bay. Mwaka 1963, akiwa Rais wa Tanganyika, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar. Mwaka 1969 tafsiri hiyo ilitolewa tena baada ya kusahihishwa, na mwaka huo huo ikatoka tafsiri yake ya The Merchant of Venice. Hakuwa peke yake: S. S. Mushi alitoa Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969.

Mara nyingi tafsiri hizi zimesifiwa kuwa uthibitisho kwamba Kiswahili chaweza kubeba mawazo mazito. Sifa hiyo ni haki, lakini haitoshi. Kilicho kikubwa zaidi ni kwamba zilikiondoa Kiingereza katika cheo cha mlinda mlango. Mtu wa Temeke aliyeishia darasa la nne sasa aliweza kusikia maneno ya Bruto na Antonio juu ya maiti ya Kaizari, akaamua mwenyewe nani ana haki, bila kupita kwanza kwenye mtihani wa matamshi. Mchezo uliokuwa cheti cha waliovuka ukawa mali ya wote.

Vichwa vya vitabu hivyo peke yake vinasimulia safari hiyo. Toleo la mwaka 1963 liliitwa Julius Caezar, na jina hilo lingali limevaa nusu ya nguo za kigeni. Toleo la mwaka 1969 liliitwa Juliasi Kaizari: silabi zote ziko wazi, na mtoto yeyote ajuaye kusoma Kiswahili aweza kulitamka. Mabadiliko hayo ni madogo kwa wino, lakini kwa mwanafunzi wa fonetiki ni makubwa, maana safari hii si Mswahili aliyetakiwa kurekebisha ulimi wake kwa ajili ya jina. Ni jina lililorekebishwa kwa ajili ya ulimi wake.

Kichwa cha pili, Mabepari wa Venisi, chastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Neno bepari lina asili ya Kihindi, na maana yake ya zamani ni mfanyabiashara. Kwa maana hiyo mfasiri hakukosea hata kidogo. Lakini kufikia mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, neno hilo lilikuwa limepata maana nyingine: mwenye mali aishiye kwa jasho la wenzake. Nyerere alizikusanya maana zote mbili katika neno moja. Zaidi ya hayo, Shakespeare alitaja mfanyabiashara mmoja. Nyerere alitaja wengi. Kiambishi ma- ndicho kinachobeba tafsiri yote. Kwa kiambishi hicho mchezo juu ya mtu mmoja na deni lake wageuka kuwa mchezo juu ya tabaka. Aliye upande wa Antonio na aliye upande wa mdai wake wote wamo ndani ya neno hilo, na msomaji anaalikwa kuuliza kama ugomvi wao ni ugomvi wa haki na dhuluma, au ni ugomvi wa wenye mali wao kwa wao.

Hapo ndipo swali la Shaw lilipopata jibu la namna nyingine. Katika Pygmalion tabaka hujulikana kwa sauti, na njia ya kupanda ni kubadili sauti. Katika kichwa cha Nyerere tabaka hujulikana kwa mali. Mtu aweza kutamka apendavyo. Linaloulizwa ni anakula jasho la nani.

Mlimani na waliobaki bondeni

Lakini elimu yenyewe ilikuwa imekwisha kuanza kujenga tabaka jipya. Chuo Kikuu kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU mjini, kisha kikahamia mwaka 1964 kwenye kilima kilicho nje ya mji, na watu wakakiita Mlimani. Jina hilo lilikuwa la mahali, likawa pia la cheo. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Karibu 400 walifukuzwa, na Rais akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Machi 1967, ilitoka Elimu ya Kujitegemea, iliyolaumu elimu iliyorithiwa kwa kuwafanya wachache wajione tofauti na wale waliowasomesha.

Mwaka huo huo wa 1967 Chuo kilianzisha mafunzo ya sanaa za maonyesho. Kutoka humo walitoka watunzi waliokwisha kusoma michezo ya Ulaya na ambao, badala ya kuirudia, waliitumia kama seremala atumiavyo randa ya kukopa. Kinjeketile wa Ebrahim Hussein ulitoka mwaka 1969. Mwandishi mwenyewe akautia katika Kiingereza mwaka 1970, hivyo njia ya tafsiri ikageuka uelekeo. Penina Muhando alitoa Hatia mwaka 1972, akaendelea kutunga kwa Kiswahili.

Mchezo uliolikabili swali la matabaka na elimu uso kwa uso ni Mashetani wa Hussein, uliochapishwa mwaka 1971. Humo vijana wawili wa Chuo Kikuu, Juma na Kitaru, ni marafiki. Wamesoma pamoja na wanazungumza lugha moja, kwa lafudhi ambayo hakuna wa kuicheka. Lakini Kitaru ni mwana wa watu waliopata mali na vyeo katika enzi mpya, na Juma ni mwana wa ukoo uliokuwa na mali zamani ukaishiwa. Wanaanza kwa kucheza mchezo wa Shetani na Binadamu, na mchezo huo unawafikisha mahali ambapo urafiki wao hauwezi kuendelea kama ulivyokuwa. Hussein anaonyesha kwamba elimu ya pamoja haiondoi tabaka. Huweza hata kulificha, mpaka siku lijitokezapo. Hili ni jambo ambalo Pygmalion haukulifikia, maana humo wakubwa na wadogo hutofautiana tangu sentensi ya kwanza. Juma na Kitaru wanatamka sawa, na bado wametengana.

Nje ya Chuo, shule na vyama vilikuwa na ngonjera, aina ya mashairi ya kujibizana iliyoenezwa na Mathias Mnyampala, ambaye alifariki mwaka 1969. Ngonjera ziliimbwa katika mikutano ya siasa na sherehe za shule kote nchini, Temeke na Kinondoni zikiwamo. Muundo wake wafaa kuangaliwa: mmoja hajui, mwingine anajua, asiyejua anabisha, anaelezwa, anakubali. Somo lilikuwa limebadilika, kutoka uma na kisu hadi ujamaa. Lakini mwalimu na mjinga walibaki kila mmoja mahali pake. Tofauti njema ni kwamba mjinga wa ngonjera hakuchekwa akaachwa. Aliitwa ndugu, akajibiwa kwa hoja.

Jukwaa la vitongoji na mtihani uliobaki

Katika miaka ya 1980 na 1990 michezo ya kuigiza ilipata nyumba mpya katika vitongoji vyenyewe. Vikundi kama Muungano, Mandela na, tangu mwaka 1992, Tanzania One Theatre vilionyesha katika mabaa na kumbi za mji, kama ule wa Vijana huko Kinondoni. Kwa kiingilio kimoja mtazamaji alipata ngoma, sarakasi, taarabu, kichekesho na mchezo wa kuigiza. Mshamba alirudi, lakini hakuwa peke yake tena katika kuchekwa: bosi mwenye kitambi, msomi asiyelipa kodi ya nyumba, na mwenye kuchanganya Kiingereza ili atishe watu, wote walipata sehemu yao. Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, maigizo ya namna hiyo yaliingia majumbani. Watu ambao mwaka 1947 hawakuwa na nafasi katika jumba la Oyster Bay walikuwa sasa wenye jukwaa, wenye lugha na wenye kicheko.

Kama historia ingeishia hapo ingekuwa na mwisho mwema. Lakini jukwaa na darasa hazikwenda pamoja. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta, katika taarifa yake ya mwaka 1982, ilishauri kwamba kitumike pia katika sekondari. Serikali haikulikubali shauri hilo. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilifungua tena mlango, lakini shule za sekondari zimeendelea kufundisha kwa Kiingereza. Tangu miaka ya 1990 shule za msingi za watu binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza zimeongezeka, nyingi zikiwa na majina ya watakatifu. Wakazi wa mji, kwa ulimi wao mkali, wameiita shule ya serikali ya mtaani St. Kayumba. Utani huo ni kichekesho kizima kwa maneno mawili: mtakatifu wa Kiingereza amevishwa jina la mnyonge, na asikiaye ajua mara moja nani analipa ada na nani halipi.

Mwaka 2012 waigizaji kutoka Kenya waliuchezea Kiswahili The Merry Wives of Windsor katika jumba la Globe mjini London. Ndani ya mchezo huo mna mwalimu Mwelsi anayechekwa kwa matamshi yake ya Kiingereza, na mtoto anayehojiwa Kilatini mbele ya mama yake asiyekijua. Kumbe Waingereza nao walipata kusimama mbele ya lugha ya kigeni iliyokuwa kipimo cha elimu, na mtunzi wao mkuu aliuona upuuzi wake akautia jukwaani. Uingereza ilikiacha Kilatini polepole, na haikupoteza elimu kwa kukiacha.

Kutoka historia hii yapatikana mambo mawili. La kwanza, mchezo wa kigeni haumdhuru mtu kwa ugeni wake. Shakespeare wa Nyerere na wa Mushi hakuwafanya Waswahili kuwa Waingereza. Aliwapa nafasi ya kuyapima mambo yao kwa kisa cha wengine. Uliodhuru ni ule mlango wenye mlinzi, uliomtaka mtu atoe sauti yake kwanza ndipo aingie. La pili, wafasiri na watunzi waliuondoa mlango huo katika jukwaa kwa muda usiofika miaka kumi, baina ya 1963 na 1971, lakini katika sekondari ungalipo. Mwanafunzi wa Temeke anaweza kumwelewa Juma na Kitaru, akajadili tabaka na elimu kwa Kiswahili safi katika somo moja. Kengele ikilia, katika somo linalofuata hana budi kueleza habari za udongo na mvua kwa lugha ambayo hajaizoea, na akinyamaza huhesabiwa mjinga. Higgins alimkosea Eliza kwa kudhani kwamba kabla ya kufundishwa hakuwa na la kusema.